Moyo ukishapasuliwa: namna ya kutunza mishipa mipya kwa miaka mingi

Operesheni ya baipasi, ile ya kuipa damu njia mpya pale mishipa ya moyo ilipoziba, huchukua saa chache. Kazi inayoamua kama itadumu miaka mitano au ishirini hufanyika nyumbani, Tabata au Mbagala, na wanaoifanya ni watu ambao hawakuingia kabisa chumba cha upasuaji: mke, mume, binti, kijana anayetumwa famasia, na mgonjwa mwenyewe.

Zamani Mtanzania mwenye mishipa ya moyo iliyoziba alikuwa akisubiri rufaa ya kwenda India. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Upanga. Ndiyo maana siku hizi mitaani kwetu unakutana na watu wenye ule mshono mrefu katikati ya kifua. Mwongozo huu ni wao na wanaoishi nao.

Niseme mapema ninachokihofia. Si mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza nyumba imejaa ndugu, kila mtu anauliza dawa, mgonjwa habebi hata kikombe. Ninachokihofia ni mwaka wa pili na wa tatu, pale ambapo maumivu yameisha, ndugu wamerudi kwao, mgonjwa anapanda mwendokasi mwenyewe, na kisanduku cha dawa kinaanza kukaa siku mbili bila kufunguliwa.

Kwanza, elewa ulichofanyiwa

Wengi wanatoka hospitali wakiamini kwamba daktari "amezibua" mishipa. Hakuzibua. Sehemu iliyoziba kwa mafuta ameiacha palepale. Alichofanya ni kuchukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuushona ili damu ipite pembeni ya kizuizi na kuufikia msuli wa moyo. Ugonjwa uliosababisha kuziba bado umo mwilini, na unaweza kuishambulia hata hiyo mishipa mipya.

Mishipa yenyewe haidumu sawa. Ule unaotolewa ndani ya ukuta wa kifua, ambao ni ateri, yaani mshipa wa kupeleka damu kutoka moyoni, ni hodari sana: baada ya miaka 10, takribani tisa kati ya kumi bado inapitisha damu. Ile inayotolewa mguuni ni vena, yaani mishipa ya kurudisha damu moyoni, na haikuumbwa kubeba msukumo mkubwa wa damu ya ateri. Kati ya kumi, mmoja au miwili huweza kuziba ndani ya mwaka wa kwanza, na ikifika miaka 10 karibu nusu huwa imeziba au imeharibika. Wagonjwa wengi wana mchanganyiko: ateri moja ya kifuani na vena mbili au tatu za mguuni.

Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa, omba muhtasari wa operesheni kwa maandishi. Uonyeshe umeunganishiwa mishipa mingapi, imetolewa wapi, na kila mmoja umeshonwa kwenye mshipa gani wa moyo. Piga picha kwa simu, mtumie mtoto mmoja kwa WhatsApp, na nakala iwekwe pamoja na hati za nyumba. Naliona hili ni jambo kubwa kuliko linavyochukuliwa. Miaka minane baadaye kifua kikianza kubana, daktari anayekupokea usiku huenda hajawahi kukuona, na karatasi hiyo itamwonyesha pa kuanzia. CD ya kipimo cha mishipa uliyopewa kabla ya operesheni nayo usiiache watoto waifanye kioo.

Na matumaini je? Yapo, na ni ya kweli. Takwimu za muda mrefu kutoka Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba takribani wagonjwa tisa kati ya kumi huwa hai miaka 5 baada ya baipasi, na saba hadi nane baada ya miaka 10. Umri, kisukari, figo na nguvu za moyo kabla ya upasuaji hubadilisha hesabu hiyo. Mwenye kisukari asijione amepewa adhabu kwa kupasuliwa badala ya kuwekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uliopanuliwa usizibe: utafiti mkubwa uitwao FREEDOM, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba wenye kisukari na mishipa mingi iliyoziba waliishi vizuri zaidi kwa baipasi kuliko kwa stenti.

Pili, upe mfupa wa kifua wiki zake

Mfupa wa katikati ya kifua umekatwa na kufungwa kwa waya. Kuunga kwake huchukua kati ya wiki 6 na 12. Katika muda huo usibebe kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, basi hesabu mwenyewe. Usisukume geti zito, usijivute kwa mikono kutoka kitandani. Geuka ubavu kwanza, kumbatia mto kifuani, shusha miguu, ndipo uinuke. Bodaboda isahau kabisa kwa kipindi hicho, na gari usiendeshe mpaka daktari akuruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6 au zaidi.

Akina mama nawasemea pekee. Mwanamume akipasuliwa, nyumba nzima inamhudumia. Mwanamke akipasuliwa, wiki ya tatu utamkuta jikoni. Kusonga ugali ni kazi nzito ya kifua na mabega. Kukuna nazi, kudeki, kukamua nguo, kumbeba mjukuu, yote yanavuta mfupa uleule. Familia ipange nani atashika kazi hizo kabla mama hajatoka wodini, na isisubiri aombe, kwa sababu hataomba. Sidiria inayofunguka mbele na kushika vizuri humpunguzia maumivu ya mshono.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kikaushwe kwa kugusagusa na taulo safi. Kusiwe na asali, wala majivu, wala dawa ya shangazi. Na kile kitendo chetu cha kumkanda mtu kwa maji ya moto kifua hakikitaki. Mguu uliotolewa mshipa utavimba kidogo kwa wiki kadhaa. Ukikaa, uinue juu ya kigoda.

Tatu, dawa: hapa ndipo penye kazi

"Baba, dawa za asubuhi umeshameza?"

"Mwanangu, si nimeshapona mimi? Daktari mwenyewe kanisifu."

"Kidonda ndicho kilichopona, baba. Mishipa bado inalelewa."

Mazungumzo ya namna hii yanafanyika katika nyumba nyingi, na majibu ya binti huyu ndiyo majibu ya kitabibu. Dawa zina kazi tofauti, na mtu anayejua kazi ya kila kidonge hakiachi ovyo.

Aspirini ndogo, mara nyingi miligramu 75 au 100, huzuia chembe za damu zisigandane ndani ya mishipa mipya. Kwa wengi ni ya maisha. Baadhi huongezewa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa muda, hasa waliopata shambulio la moyo kabla ya upasuaji, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), yaani statini kama atovastatini, ndiyo inayoachwa zaidi, kwa kuwa mgonjwa haoni chochote akiimeza na haoni chochote akiiacha. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997 ulionyesha wazi kwamba wagonjwa walioshushwa lehemu kwa nguvu, mishipa yao ya kupandikizwa iliharibika polepole kuliko ya wenzao. Ukisikia misuli inauma sana kwa sababu yake, mwambie daktari. Ipo dozi nyingine na zipo dawa nyingine za jamii hiyo. Dawa za kutuliza mapigo kama bisoprololi au metoprololi kamwe usizikate ghafla, kwa kuwa moyo huweza kurudisha maumivu au kwenda mbio. Na zipo za presha kama losatani au enalaprili, zinazomsaidia pia mwenye moyo dhaifu.

Sasa utaratibu wa nyumbani. Nunua kile kisanduku chenye vyumba vya siku saba, kijazwe kila Jumapili na mtu mmoja aliyeteuliwa. Dawa zifuatwe zikiwa zimebaki za wiki moja na zaidi. Ukisubiri kidonge cha mwisho utakuta famasia ya karibu imeishiwa, au foleni ya bima imekula siku yako. Weka pia mfuko mdogo wa dawa za siku kumi karibu na mlango. Simu ya msiba inakuja saa nne usiku, asubuhi mko kwenye basi la Moshi au Songea, na mgonjwa anakaa siku sita bila aspirini wala statini. Nimeona hilo likitokea kwa watu makini kabisa.

Fedha ikikata, usimeze siku moja na kuacha moja kimyakimya. Mwambie daktari waziwazi. Karibu dawa zote hizi zina aina ya bei nafuu zisizo na jina kubwa la kampuni, nazo zinafanya kazi ileile.

Kuna vitu vya dukani vya kuviogopa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunanunua kwa maumivu ya mgongo kama tunanunua pipi, huongeza hatari ya shambulio la moyo, hupandisha presha na kuumiza figo. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Kitunguu swaumu kwenye mchuzi hakina neno, ila vidonge na vikombe vya juisi yake pamoja na aspirini na klopidogreli vinaweza kuongeza kuvuja damu. Kila mtishamba unaotumia utajwe kliniki bila aibu.

Mwenye kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla. Aliyepasuliwa karibuni asifunge. Aliyetulia kwa muda mrefu huweza kupangiwa dawa zake ziangukie daku na futari, lakini apange daktari.

Nne, jua namba zako

Presha iwe chini ya 130/80, ipimwe nyumbani ukiwa umekaa kimya dakika tano, si baada ya kupanda ngazi. Lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, wataalamu wa Ulaya wanataka iwe chini ya 1.4 kwa kipimo cha milimoli, ambayo ni 55 kwa maabara zinazotumia miligramu. Majibu yako yakisema "kawaida" kwa sababu yako chini ya 3, jua kwamba hiyo ni kawaida ya mtu ambaye hajapasuliwa. Wewe lengo lako ni lingine. Mwenye kisukari afuatilie HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, ambayo kwa wengi hulengwa iwe karibu au chini ya asilimia 7.

Namba ya nne wachache wanaiuliza: uwezo wa moyo kusukuma damu, unaoonekana kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Asilimia 50 na kuendelea ni nzuri. Chini ya 40 ni moyo dhaifu, unaohitaji dawa za ziada na uangalizi wa karibu. Uliza yako, iandike.

Tano, tembea

Mazoezi baada ya baipasi ni sehemu ya matibabu. Yakifanywa kwa mpangilio, hupunguza vifo vya ugonjwa wa moyo na kurudi hospitali. Ukiwa na nafasi ya kufanya mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, ichukue. Usipokuwa nayo, barabara ipo.

Anza na dakika tano ndani ya uwanja wa nyumba, mara kadhaa kwa siku. Ongeza dakika moja au mbili kila siku mpaka ufike nusu saa mfululizo. Kipimo cha mwendo ni pumzi: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Lengo la baadaye ni angalau dakika 150 kwa wiki. Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi si la mchezo, kwa hiyo toka saa kumi na mbili asubuhi. Ufukwe wa Coco na njia za waenda kwa miguu za Daraja la Tanzanite ni pazuri na ni tambarare. Anayeishi Kimara au Ubungo anaweza kwenda kwenye vivuli vya Chuo Kikuu, Mlimani. Kama mtaa wako una vilima, subiri mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Na usitembee peke yako wiki za mwanzo. Mchukue mjukuu, atafurahi naye.

Sita, sahani

Sitaki kukunyang'anya chakula cha Pwani. Ninachoomba ni mpangilio. Samaki wa kuchemsha, kuchoma au mchuzi mwepesi mara mbili au tatu kwa wiki; vibua na dagaa ni wazuri kwa moyo na bei yake inawezekana. Maharage, kunde na choroko. Mboga za majani, matembele au mchicha, zijaze nusu ya sahani. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Tui zito la nazi lina mafuta mengi ya kugandisha. Tumia tui jepesi, tena si kila siku.

Chipsi mayai, supu ya kongoro ya asubuhi, maandazi na chapati za kila siku, hivyo ndivyo vilivyotufikisha hapa. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, na ndani yake hesabu vile viungo vya kipakiti vya kutia ladha na samaki wa chumvi. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Sigara iachwe moja kwa moja, na shisha ni tumbaku vilevile. Anayeendelea kuvuta baada ya baipasi anafupisha maisha ya mishipa yake na yake mwenyewe, na hapa sina lugha laini ya kutumia.

Saba, yale yasiyosemwa sebuleni

Baada ya operesheni wengi hupitia huzuni isiyo na sababu inayoonekana. Mzee aliyekuwa mchangamfu anakaa kibarazani bila neno, anasahau majina, analia akisikia wimbo wa dini. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi michache. Ikizidi wiki mbili mfululizo, hali, halali, hataki dawa, hiyo ni sonona na ina tiba. Isiachwe kwa kuwa "mwanaume hapaswi kulia", maana mwenye sonona baada ya upasuaji wa moyo huacha dawa, na matokeo yake ya muda mrefu huwa mabaya zaidi.

Tendo la ndoa nalo. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuishiwa pumzi, kwa kawaida moyo unamudu. Mara nyingi ni baada ya wiki 6 hivi, na bila kukilalia kifua. Hatari iko kwenye dawa za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani, pamoja na hilo vumbi la Kongo. Dawa za jamii ya sildenafili zikikutana na nitrati, yaani dawa za kutuliza maumivu ya moyo kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, presha huporomoka kiasi cha kuua. Muulize daktari wa moyo. Ameulizwa swali hilo mara nyingi na hatashangaa.

Nane, lini ukimbie hospitali

Wiki za mwanzo: homa, usaha au harufu kwenye mshono, mfupa wa kifua unaogonga au kucheza unapokohoa, mapigo yanayorukaruka. Hayo ya mapigo hutokea kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu siku chache baada ya upasuaji na mara nyingi hutulizwa wodini, ila yakirudi nyumbani nenda.

Wakati wowote: uzito kuongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu kuvimba yote miwili, kushindwa kulala bila mito mitatu. Mdomo kwenda upande au mkono mmoja kulegea ghafla. Kifua kubana kama kinakandamizwa unapotembea, maumivu yakipanda kwenye taya au kushuka mkononi. Maumivu ya mfupa hubadilika ukigusa au ukijigeuza. Ya moyo hayajali unavyokaa. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu hata kidogo, akapata jasho jingi, kichefuchefu na uchovu wa ajabu. Kwake hizo zinatosha.

Panga safari ya dharura leo, mchana. Jua ni dereva gani wa jirani anayepokea simu saa nane usiku. Anayeishi Kigamboni aamue mapema kupita Daraja la Nyerere badala ya kubahatisha foleni ya pantoni. Muhtasari wa operesheni na orodha ya dawa viwe kwenye mfuko uleule wa karibu na mlango.

Miaka inaposonga

Baada ya kliniki za mwanzo, nenda angalau mara moja kwa mwaka hata kama unajisikia kijana, na wenye kisukari au moyo dhaifu waende zaidi. Mshipa wa mguuni ukiziba mwaka wa saba au wa kumi, si mwisho. Kuna nafasi ya kuongeza dawa, kuna stenti inayoweza kuwekwa, mara nyingi kwenye mshipa wako wa asili, na kwa wachache kuna operesheni ya pili, ingawa ni ngumu kuliko ya kwanza. Anayewahi ndiye anayekuwa na njia nyingi za kuchagua.

Halafu kuna watoto. Baba aliyeugua mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, amewaachia watoto hatari iliyo juu ya kawaida. Siku ile unayompeleka mzee kliniki, pima presha yako na sukari yako hapohapo, na uombe kipimo cha lehemu. Foleni umeshaipanga tayari.